Masikio ya Mwalimu Mbichi

Siku ya kwanza nilipomwona Mwalimu Mbichi, alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kuchongea, ameshika kisu cha mishiko miwili, anakivuta kuelekea tumboni kwake. Nikafumba macho. Nilipofumbua, tumbo lilikuwa zima, na miguuni pake palikuwa na lundo la maranda yaliyojikunja kama maganda ya chungwa.

"Wewe ndiye mama yake Chiriku?" akauliza bila kuinua kichwa. "Ingia basi. Hapo mlangoni unanizibia mwanga."

Chiriku ni binti yangu, kitinda mimba. Ana miaka ishirini na minne, na jina hilo tulimbandika kwa sababu ya mdomo. Hanyamazi hata akipiga mswaki. Aliponiambia amejiandikisha darasa la Jumamosi la kuchonga mti mbichi na kufyeka kwa mundu mrefu, nikaisukuma sahani kando. Shoka, tezo, visu, na huo mundu wenyewe, ambao makali yake ni marefu kuliko mkono wangu! Nikamwambia sawa, nitakusindikiza. Nikabeba uzi na sindano za kufumia ili nionekane nina shughuli, nikapewa nafasi karibu na kapu la vijiti. Nilikaa hapo karibu mwaka mzima. Sikusoma sana, lakini macho ninayo.

Darasa lenyewe lilikuwa banda la mabati nyuma ya jiko la shule. Mwalimu Mbichi hakuwa mwalimu wa shule ile. Alikuwa mama mfagiaji wake kwa miaka mingi. Mipini ya mafagio na majembe ilikuwa ikivunjika kila wiki, naye alichoka kuandika barua za kuomba mingine, akaanza kuichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Ya mwanzo ilikuwa imepinda mpaka watoto wakawa wanamwuliza kama anafagia kwenye kona tu. Hakukata tamaa. Mzee mmoja aliyekuwa akifyeka uwanja wa shule kwa mundu mrefu alimwonyesha jinsi ya kusimama, jinsi ya kuzungusha kiuno badala ya mikono, na jinsi ya kunoa. Mzee alipostaafu, alimwachia mundu na kinoo chake. Mwalimu Mbichi naye alipokuja kustaafu, badala ya kwenda kupumzika, aliomba banda.

Jina la Mbichi alilipata kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, "na mti vilevile. Mkavu unashindana nawe. Mbichi unakusikiliza." Hakuwa na gundi wala msumari bandani. Mwanafunzi akileta msumari, alimwuliza kwa upole, "Huyo mgonjwa umemleta hapa atibiwe?"

Siri ya stuli zake ilikuwa moja, na alitufundisha mpaka hata mimi wa pembeni nikaijua. Mguu wa stuli uwe mbichi. Kijiti kinachounganisha mguu na mguu kiwe kikavu kabisa, kimekaa juu ya jiko la shule hata wiki tatu. Ukikipigilia kijiti kikavu kwenye tundu la mguu mbichi, mguu unapokauka unabana, unabana, mpaka hata ng'ombe wawili hawawezi kukichomoa. Ukikosea ukatia kijiti kibichi, vyote viwili vinanywea, na stuli inaanza kutikisika kama jino la mtoto.

Kabla ya kuunga, Mwalimu alichukua vijiti viwiliviwili, akavigonganisha karibu na sikio. Kikavu hulia ka! Kibichi hulia pu. Vya ka alivitupa kwenye kapu lile la karibu nami, na vya pu vilirudi juu ya jiko. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Basi zahanati ya jirani ikaagiza stuli ishirini za wagonjwa wanaosubiri. Darasa zima lilifurahi. Chiriku alipewa kuchonga vijiti, na Dereva, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa ni mwanafunzi mwenzake, alipewa miguu.

"Mimi na miguu tumezoeana," Dereva akasema. "Nilikanyaga breki miaka thelathini."

"Ndiyo maana hata kazi yako haiendi," Chiriku akamjibu.

Siku ya kuunga, Mwalimu alisimama karibu nami, akagonganisha, akaitikia kwa kichwa, akatupa kapuni. Ka. Ka. Kisha nikasikia pu. Nikainua macho kutoka kwenye ufumaji. Kijiti kikaingia kapuni. Ka. Pu. Pu. Vyote vikaingia. Nikakumbuka mambo mengine ya Mwalimu niliyoyaona nisiyatie maanani: birika lilivyochemka hadi maji yakamwagika akiwa amelipa mgongo, Chiriku alivyomwita mara tatu "Mwalimu, chai!" asigeuke, anavyokutazama midomo unapoongea, kana kwamba una punje ya wali hapo.

Nilipaswa kusema. Sikusema. Nilijiambia, mimi ni nani, mtu asiyeweza hata kumenya gome, nimsahihishe bingwa mbele ya wanafunzi wake? Nikarudi kwenye uzi wangu, nikakosea mishono hadi jioni.

Haukupita mwezi. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuja mwenyewe bandani, mpole lakini bila tabasamu. Stuli saba zinatikisika, alisema, na moja kati ya hizo imeachana miguu chini ya mlinzi. Mlinzi hakuumia isipokuwa heshima. Lakini foleni nzima ilicheka, na akina mama wajawazito sasa wanaona heri kusimama.

Mwalimu alikwenda, akarudi na kijiti kimoja mkononi. Kilikuwa kimenywea mpaka kikawa chembamba kuliko tundu lake.

"Hiki kilikuwa kibichi," akasema. "Nani alivichanganya?"

Kila mtu alimtazama aliyechonga vijiti.

"Mimi nilivipanga juu ya jiko kama ulivyoniambia, Mwalimu," Chiriku akasema.

"Ulivipanga ukiwa unaongea," Dereva akadakia. "Mdomo ukienda, mkono hupotea njia."

Mwalimu alikitupa kijiti kwenye maranda. "Rudi kwenye kumenya magome, mwanangu," akasema. "Na Jumamosi ijayo kwenye kufyeka usije. Mtu asiyetofautisha vijiti simpi makali."

Njiani mwanangu hakusema neno. Chiriku, kimya! Nyumbani alivua viatu vyake vya kazi, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia, "Vigawe, mama. Sirudi."

Nilikuwa nimeomba siku hiyo ifike mwaka mzima, mtoto aachane na vyuma. Ilipofika haikuwa tamu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea mambo mengi, na sasa mtoto alikuwa akibeba kosa nililolisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Asubuhi yake nilikwenda bandani peke yangu. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya fuawe ndogo, akigonga makali ya mundu kwa nyundo ili yawe membamba. Nilisubiri anione.

"Mama Chiriku! Leo si Jumamosi."

"Najua, Mwalimu. Naomba nikufanyie mtihani mdogo."

Akacheka. "Haya. Wewe umekuwa mkaguzi?"

"Geukia ukutani. Nitagonga vijiti, uniambie kikavu ni kipi."

Aligeuka bado anacheka. Nikachukua viwili vikavu. Ka! Nikangoja. Ka! Ka! Nikangoja tena. Moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko vijiti.

"Haya, gonga basi," akasema.

Nikaviweka chini. Nadhani alipongoja bila kusikia kitu alielewa, maana mabega yake yalishuka. Aligeuka taratibu.

"Umegonga mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akaketi. "Tangu lini umejua?"

"Tangu siku ya stuli. Nilisikia pu, nikanyamaza. Nisamehe."

"Basi tuko wawili tulionyamaza." Akapangusa nyundo kwa pindo la kitenge chake, ingawa haikuwa na uchafu. "Mimi nimejua tangu mwaka juzi kwamba yananiishia. Lakini vijiti nilidhani bado ninavisikia. Kumbe nilikuwa nasikia kwa mazoea."

"Kwa nini usiseme?"

"Nimwambie nani? Kwenye kufyeka tunakwenda mstari. Anayemkaribia mwenzake huita, 'Kisigino!' na wa mbele husogea. Mimi ndiye wa mbele. Mwalimu wa makali asiyesikia, nani atamwachia mwanawe? Wewe ungemwachia?"

Nilitamani kumdanganya. "Nisingemwachia," nikasema.

"Umeona. Wakijua, banda linafungwa. Nenda nyumbani, Mama Chiriku. Asante. Lakini nenda."

Niliondoka nikiwa sijui atafanya nini. Chiriku nilimweleza yote, na ya kwangu pia. Alinitazama muda mrefu, kisha akaenda kuutafuta mfuko wa viatu.

Jumamosi tulifika mapema, nyasi zikiwa bado na umande. Mwalimu hakuwepo. Dereva alikuwa ameshaanza kusema labda anaumwa, mara tukasikia magurudumu. Aliingia kwenye lango la shule akisukuma mkokoteni yeye mwenyewe, jasho linamtoka, na juu yake stuli zote ishirini zimefungwa kamba, hata zile kumi na tatu nzima. Baadaye muuguzi alinisimulia kwamba alisimama mbele ya foleni nzima na kusema kwa sauti, "Stuli hizi nimeziharibu mimi. Masikio yangu yamekufa, nikaona aibu kusema. Wanafunzi wangu hawana kosa." Tena alimwomba radhi mlinzi, kwa kumpa mkono.

Kwetu alisema maneno hayohayo. Kisha akamwita Chiriku mbele. "Nilikusingizia, mwanangu. Kama una neno la kuniambia, una haki. Sema tu, nitakusoma midomo."

Chiriku, kwa mara ya pili maishani, alikosa la kusema. Dereva ndiye aliyetia neno, anakuna kisogo. "Na mimi nilipiga honi bila kuangalia barabara. Samahani, binti."

Mwalimu akachukua vijiti viwili, akavibandika mashavuni kwangu, kimoja huku, kimoja huku. "Kipi cha baridi?"

"Cha kushoto."

"Hicho bado kina maji. Kuanzia leo hatugongi. Tunapima kwa shavu, na kila kijiti kinapita mashavu mawili ya watu tofauti. Hata langu likiwa mojawapo, la pili liwe la mwingine." Alituangalia mmojammoja. "Sasa kuhusu mundu. Mnajua hali yangu. Anayetaka kuondoka aondoke leo, sitamchukia."

Hakuna aliyesogea, lakini nikagundua wote wananitazama mimi. Bila shaka, hofu yangu ilikuwa ikijulikana banda zima. Chiriku naye alinitazama, viatu vyake mguuni tayari.

"Mwalimu," nikasema, huku nimemkabili ili anione midomo, "utasimama wapi kwenye mstari?"

Alinielewa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumtangulia kwenye nyasi. Mbele ndipo pake, mzee wa mundu alimwachia pale pamoja na kinoo.

"Nyuma kabisa," akasema. "Huko hakuna wa kuniita kisigino. Na wote ninawaona." Akautoa mundu wake ukutani, ule wa mzee, akampa mwanangu. "Wewe utaanza."

"Chukua," nikamwambia Chiriku, kwa kuwa alikuwa ananisubiri mimi.

Wakajipanga mshazari uwanjani, Chiriku mbele, Dereva katikati na wengine, na Mwalimu mwisho na mundu wa kuazima. Makali yakaingia nyasini, shwaa, shwaa. Sikufuma mshono hata mmoja. Nilitembea pembeni nikihesabu miguu ya watu. Lakini kila nilipotupa jicho nyuma, nilimwona yule mama akizungusha kiuno polepole bila haraka, akiacha nyasi zimelala kwenye mstari ulionyooka kuliko ya wote, na macho yake hayakuwa kwenye mundu wake. Yalikuwa kwenye visigino vya wanafunzi wake, kama yangu.