Rangi ya Machungwa Chini ya Kijani

Gari likigongwa hapa Kolwezi, na mwenyewe hataki mke wake ajue, analileta kwangu Kapata. Linarudi nyumbani kama halijawahi kuguswa hata na mbuzi. Sijisifu bure, kizuri chajiuza. Hata wachimbaji wa Kasulo, wenye midomo mirefu, wakinunua pikipiki wananiletea mimi niipake, ingawa ni mwanamke na wanapenda kunikumbusha.

Kwa hiyo shule ya ufundi ya mtaani kwetu ilipopewa ndege kuukuu ya jeshi, sikushangaa kuitwa. Ilikuwa ndogo, ya viti viwili, ile ambayo mwanafunzi na mwalimu wake hupanda pamoja. Injini haikuwepo tena. Waliisimamisha uani karibu na lango, juu ya nguzo fupi za saruji. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mmoja tunayemwita tata, anayependa mambo makubwa, akaniambia niirudishie kijani na kahawia, mabaka mabaka kama magwanda ya askari.

"Ndege ya basoda inafaa itishe bantu, mama," alisema.

Sasa, kwenye lango lile anauza maandazi mama yangu mzazi. Beseni lake ndilo lililonisomesha. Tangu ndege iletwe alikuwa amegeuza kiti chake, anaipa mgongo, wateja inabidi wamzunguke. Nilipomuuliza alijibu tu, "Ile kintu iko naniangalia." Sababu niliijua. Mpaka leo ndege ikipita chini kidogo juu ya Kapata, mama anaacha anachofanya, anatulia mpaka sauti ipotee. Ni tabia ya tangu miaka ya vita, alipokuwa msichana. Nikaogopa kwamba kazi yangu mwenyewe itamfukuza mahali pake.

Nilianza kukwangua kwa msasa. Kile kijani kilipakwa ovyo, mtu alikuwa na haraka ya kwenda kupigana. Chini yake nikakuta rangi ya fedha, na kwenye pua, kwenye mkia na kwenye ncha za mabawa, mikanda ya rangi ya machungwa. Kingo zake zilikuwa zimenyooka hata mimi nikaona wivu. Sikuhitaji kuelezwa. Gari la kufundishia udereva huandikwa herufi kubwa ili wengine wakae mbali nalo, na ndege hii ilivalishwa machungwa ili angani wote wajue kuna mwanafunzi. Ilikuwa ya shule kabla haijapelekwa vitani.

Nilimwita tata mwenyekiti aje aone. Akaangalia, akakunja uso.

"Ile ni rangi ya batoto."

"Na shule ni ya nani, tata?"

Akasema mapenta wa kupaka rangi ni wengi Kolwezi. Hasira zangu haziko mbali, nikaanza kufunga pistole yangu ya kupulizia rangi kwenye mfuko. Hapo ndipo nikamwona mama anakuja kutoka langoni, anafuta mafuta mikononi kwa kitenge. Hakuwahi kuikaribia ndege ile. Alisimama kando ya bawa, akaongea na tata kwa adabu, sauti ya chini.

"Tata, ile rangi ya majani ilipita juu ya nyumba yetu, na mi niko na mudogo wangu mu mugongo. Nilikimbia mpaka miguu ikakataa. Mukiipakala vile tena, sina kisirani na mutu, lakini mi nitatafuta fasi ingine ya kuuzishia."

Tata ni wa rika lake. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Siye tulikimbilia upande wa Nzilo," alisema. Kisha akaniuliza rangi ya machungwa inapatikana duka gani.

Nilipaka asubuhi, baada ya mvua, wakati malori ya madini hayajaamsha vumbi jekundu la barabarani, na bado nilimwagia ua wote maji. Wachimbaji walisimama kwenye uzio wakinitania, "Mama, itaruka lini?" Nikawajibu itaruka siku watakayoacha bia. Mikanda niliinyoosha kama ya yule fundi wa zamani, na upande wa kushoto, nasema ukweli, nilimshinda.

Siku nilipoondoa turubai nililoifunikia ndege ikauke, mama alihamisha kiti na beseni lake, akakaa chini ya bawa kwa sababu kuna kivuli. Nilijifanya nasafisha pistole, kumbe moyo umejaa, mimi ambaye sijawahi kulilia gari. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikuja kununua andazi, akaangalia juu kwa mashaka, akamwita mama kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao.

"Koko, hii ndege ni ya vita?"

"Hapana," mama akamwambia, akimfungia andazi kwenye karatasi. "Iko najifunza tu, sawa na weye."