Nyumba Isiyopitisha Hewa

Mjomba wangu anafanya kazi kwenye ghala la nyama iliyogandishwa, na mtu akikaa humo miaka mingi huanza kuiona dunia yote kama friji. Kule ghalani dhambi kubwa kuliko zote ni kuacha mlango wazi. Kwa hiyo alipoamua kutujengea nyumba huku Alief, mtaa wa joto kusini mwa Marekani, alimtafuta fundi aliyetoka majimbo ya theluji, akamwambia anataka nyumba ya nchi ya baridi. Fundi alitazama nje, ambako jirani alikuwa anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Akauliza kama mjomba ana hakika. Mjomba akamjibu kwamba baridi haipigi hodi.

Sababu yenyewe ilikuwa Nyanya, mama yake. Kule mtaa wa Gulfton, tulikopangishwa tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi, kuvu nyeusi ilikuwa imeota ukutani kwake mpaka ikafanana na ramani ya Kongo. Mwenye nyumba alipaka rangi juu yake, na Kongo ikarudi. Kifua cha Nyanya kilikuwa kinapiga filimbi usiku na mchana. Daktari alisema akiendelea kulala mle hatapona. Ndipo mjomba akaapa kwamba mama yake atalala kwenye nyumba yenye afya.

Nyumba ikajengwa. Kuta zilikuwa nene kama za ngome, zimeshindiliwa pamba ya kuzuia joto na baridi. Kila dirisha lilikuwa na vioo vitatu, na kila ufa ulizibwa kwa gundi. Fundi alieleza kwamba nyumba iliyofungwa hivi lazima isaidiwe kupumua. Aliweka mashine darini inayovuta hewa safi kwa tundu moja la ukutani na kutoa hewa chafu kwa tundu lingine. Mjomba aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia mahubiri ya dhehebu lingine.

Tulipohamia, mimi nilipewa kazi ya mlango. Sizungumzi sana mbele ya watu, na mjomba aliona hiyo ni sifa. Kwetu mgeni haingii mara moja. Anasimama kizingitini, anauliza habari za watoto, za kazi, za waliobaki nyumbani, kisha na yeye anaulizwa. Mjomba aliifuta desturi hiyo siku ya kwanza.

"Salamu zote ndani," alisema. "Hapo mlangoni mna-waste hewa."

Akina mama wa kanisa, waliozoea kusimama mlangoni mpaka chai ipoe, sasa nilikuwa nawavuta ndani kwa mkono kama mizigo inayoshushwa kwenye lori. Wengine waliudhika. Nyanya aliona haya, akawa anawaomba radhi kwa niaba ya mlango.

Kisha baridi ikaja. Mjomba alifurahi kama mtu aliyetembelewa na rais. Alivaa koti lake la ghalani, akazunguka nyumba nje akitafuta mahali upepo unapopenya. Alirudi na uso wa mtu aliyemkamata mwizi. Alisema yule fundi alitujengea nyumba isiyo na ufa, halafu akaitoboa mwenyewe mara mbili. Sasa yeye ameyaziba matundu yote mawili. Hatukuuliza ameyaziba kwa kitu gani.

Kweli hewa ilitulia. Ilitulia mno. Tukipika ndakala, wale samaki wadogo wakavu, tuliendelea kuwala kwa pua mpaka wiki iliyofuata. Madirisha yalitoa machozi kila asubuhi. Watoto walikwenda shule wakinuka maharage. Mjomba alisema hilo ndilo joto la bure.

Jumapili moja watu wa maombi walijaa sebuleni. Waliimba, wakaomba, wakaimba tena, mlango umefungwa. Baada ya muda vichwa vilianza kuwa vizito na macho kufumba. Kiongozi akatangaza kwamba Roho ameshuka. Mzee mmoja alishukiwa mpaka akakoroma.

Lakini kifua cha Nyanya kilianza tena kupiga filimbi. Siku nilipokisogeza kitanda chake ili nifagie, niliikuta kuvu nyuma yake. Haikuwa Kongo nzima bado, ilikuwa mkoa mmoja tu. Nilimwita akaiona. Alitoa begi lake na kuanza kukunja vitenge.

Mjomba alipotoka kazini alimkuta amekaa kitandani na begi limejaa. Nyanya alisema anarudi Gulfton. Kama ni kukohoa, atakohoa kule, ambako majirani wanamsalimu. Kilichokuwa kinamchelewesha ni blanketi lake tu, lile la mistari alilopewa kambini. Halionekani. Mjomba akaanza kuangalia viatu vyake.

Nyanya alitafuta makabatini, akatafuta kwenye gari, mwishowe akatoka nje. Sisi tukamfuata. Alizunguka pembe ya nyumba na kusimama. Kutoka ukutani, usawa wa bega lake, palikuwa pananing'inia nyuzi za mistari.

Alilishika kwa mikono miwili akaanza kulivuta, likatoka polepole, refu, limelowa.

"Mama," mjomba alisema, "baridi ilikuwa inaingilia hapo."

Nyanya alikung'uta blanketi, akakohoa, akamtazama.

"Anayekohoa ni huu ukuta, au ni mimi?"

Mjomba alikwenda kwenye tundu la pili, akachomoa koti lake la zamani la ghalani. Alisimama nalo mkononi kama mtu aliyefukuzwa kazi. Kule darini mashine ilivuta pumzi ndefu.

Nilisugua ile kuvu nyuma ya kitanda. Madirisha yaliacha kulia, na filimbi ya Nyanya ikapungua siku kwa siku mpaka ikanyamaza. Begi likafunguliwa. Blanketi lilifuliwa, na sasa analikunja chini ya mto wake, upande ambao mjomba hafiki.

Mjomba siku hizi anawaeleza wageni kwamba nyumba lazima ipumue, na kwamba yeye alimwambia fundi hivyo tangu mwanzo. Anawapeleka nje wasimame mbele ya tundu linalotoa hewa, wanuse wajue kimepikwa nini. Nyanya amepeleka kiti chake hapohapo. Wageni wanaulizwa habari za watoto, za kazi, za waliobaki nyumbani, na mlango umefungwa kama mjomba anavyotaka. Mimi huwaletea chai nje, na inapoa.