Mkono wa Sweta la Kaka

Kufuma nilifundishwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akija Kisarawe mara moja kwa wiki kuwakusanya wasichana. Alitufundisha kufuma skafu. Skafu, kwa watu wa Kisarawe! Nilifuma moja, nikaifumua, uzi wake nikaufumia kofia ya mtoto, na tangu hapo sikumsikiliza tena. Nilikuwa na kichwa changu na nilikipenda mno.

Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Uzi wa sufu tuliununua dukani kwa Mhindi, na ulipokuwa haba tulifumua cha zamani tukafuma kipya. Mitindo niliitunga mwenyewe, mingi nikiichungulia kwenye mikeka ya mama. Pale ukindu mweusi ulipopishana na mweupe, mimi nilipishanisha kitanzi cha mbele na cha nyuma. Wengi wetu hawakujua kuandika, kwa hiyo nilifuma kipande cha upana wa kiganja, nikampa yeyote anayekwenda Masaki au Marui, na aliyekipokea huko alihesabu vitanzi kwa kidole mpaka akaelewa. Naye akitunga wake aliniletea kipande. Hakuna aliyemnyima mwenzake.

Kasoro yangu ilikuwa moja tu, mikono. Vifulana vyangu vya watoto havikuwa na mikono kwa sababu kila mkono nilioushonea ulivimba kwapani kama jipu. Mwezi wa Juni baridi ya vilima vyetu ikishuka, watoto walikohoa huku wamevaa kazi yangu na mikono yao iko wazi. Siku moja jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, akaniambia mbele ya kundi zima pale barazani, "Fundi, hawa watoto wa watu umewakata mikono kwa kosa gani?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Nikacheka nao, lakini moyoni nachemka. Nikajibu bila kufikiri, "Njooni Ijumaa ijayo. Nitawapa mkono ambao hamjapata kuuona."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua mkono huo uko wapi. Ulikuwa ndani ya sanduku la mama.

Kaka yangu, mtoto wa kiume pekee wa mama, alichukuliwa vitani akafia Burma. Hakuna aliyetuonyesha kaburi. Mwenzake mmoja wa Mlandizi ndiye aliyerudi na sweta lake la jeshi, la rangi ya majani makavu, akamkabidhi mama. Siku ile nilikuwa jikoni napika chai ya mgeni. Walichozungumza sikukisikia, na mama hakunisimulia. Tulisoma hitima bila maiti, watu wakala wakaondoka.

Tangu hapo kila Ijumaa mama alilitoa sweta, akalianika juani, akakaa kwenye mkeka kulichunga. Jua likipungua alilipakata, kidole gumba kimetulia kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Pale palikuwa na tundu lililoshonwa vibaya mno kwa uzi mnene mweupe, nguo imekunjamana kama kovu la moto. Nilidhani anaificha ile aibu.

Mikono ya sweta lile haikushonewa. Ilianzia begani yenyewe, ikateremka bila alama yoyote. Nililigeuza nje ndani mara nyingi nikitafuta mshono, sikuuona. Njia ya kujua ilikuwa moja, kuufumua mkono kuanzia pindo la chini mpaka begani, huku nahesabu, kisha kuufuma upya kama ulivyokuwa. Mama asingejua. Ndivyo nilivyojiamini, na nikikumbuka leo nataka kujizaba kofi.

Jumamosi mama akaenda Marui kumsaidia mama mdogo kuvuna mpunga. "Nitarudi Alhamisi," akaniambia. "Angalia nyumba." Sidhani kama alikuwa amefika hata njia kuu nilipofungua sanduku.

Uzi ulishuka vizuri. Kwa kila safu niliyofumua niliweka punje ya mahindi kwenye ungo, na kila vitanzi vilipoongezeka niliweka punje ya choroko pembeni yake. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo. Nilipofika kwenye kiwiko uzi ukakwama. Ule uzi mweupe ulikuwa umepita huku na huku bila mpango, fundo juu ya fundo, kazi ya mtu asiyejua sindano inaingilia wapi. Nikajaribu kulegeza fundo moja kwa meno, nikashindwa. Nikachukua wembe, nikaukata wote, huku namtukana fundi wake kwa sauti. Vile vipande nikavikusanya nikavitia motoni, chini ya chungu cha kunde. Nikajiambia kwamba mama mwenyewe atafurahi akikuta tundu limezibwa vizuri.

Begani nikaipata siri. Vitanzi vilikuwa vimeokotwa kimoja kimoja kuzunguka tundu la bega, na kwapani vikapunguzwa viwili viwili. Kumbe rahisi hivyo! Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikaulowesha uzi uliojikunja, nikaunyoosha, nikaunga ulipokatika, na kwa siku nne zilizofuata sikufanya kazi nyingine ya maana. Alhamisi asubuhi mkono ulikuwa umekamilika, kiwiko laini, usingeweza kujua kama paliwahi kuwa na tundu. Nikalirudisha sweta sandukuni.

Mtindo ule ulisambaa baadaye mpaka Misugusugu. Watu wazima wananiambia kwamba waliuvaa utotoni, wanashukuru, nami huona haya na kubadilisha mazungumzo.

Ijumaa wanawake walifika mapema. Niliwagawia vipande nilivyofuma, kila kimoja bega na mwanzo wa mkono. Yule jirani akakigeuza chake, akakivuta, akatafuta mshono. "Fundi, leo umetuweza," akasema. Kichwa kikanivimba. Nilikuwa bado nawaeleza habari ya kwapa mama alipotoka na sweta mkononi. Akaitikia shikamoo zao, akatandika mkeka, akakaa kwanza kulikung'uta. Kidole chake kikaenda kwenye kiwiko. Kikatafuta. Akaushika mkono wa kulia, labda amekosea. Akarudi wa kushoto.

"Nani amelishika hili?"

"Mimi, mama. Nimekuzibia lile tundu. Tazama, halionekani kabisa."

Hakunikaripia. Laiti angenipiga. Aliuliza tu, "Uzi wake uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Ule mweupe. Uzi wa hema." Alisema polepole, analitazama sweta, hanitazami mimi. "Alishona kaka yako kwa mkono wake. Mwenzake alikuwa amekaa naye, alimwona. Anajichoma, anacheka, anasema mama angekuwepo angeninyang'anya hii sindano. Mtoto huyu hata kifungo hakupata kujishonea hapa nyumbani."

Vipande vyangu wanawake walikuwa wameviweka mapajani, na hakuna aliyejua afanye navyo nini.

"Nimeuchoma, mama."

"Wapi?"

"Jikoni."

Akasimama, sweta akaliacha mkekani. Wageni wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa mbele ya mafiga, ameyakokotea majivu kwenye ungo, anayachekecha kwa vidole. Nilimwambia kwamba majivu ya Jumamosi nilikwisha kuyatoa, niliyamwaga shambani kwenye mihogo, na mvua imenyesha juu yake.

"Nimesikia," akasema, akaendelea kuchekecha.