Farasi wa Profesa Cyril

Cyril Hesketh alikuwa fundi rangi wa mabasi ya jiji la Liverpool, kazi aliyoifanya vizuri bila kuifikiria sana. Akili yake yote ilikuwa Aintree, uwanja uliokuwa karibu na kwake kiasi cha kusikia makelele ya watu, ambako kila mwaka farasi waliruka viunzi vikubwa na wengi wakaishia majanini. Historia ya mbio hizo aliijua tangu enzi za yule kapteni aliyetumbukia kijitoni, hadi kijito kikapewa jina lake. Kutokana na historia hiyo alijitungia sheria. Farasi wa miaka saba hafai, bado mtoto. Jike hafai. Wa kijivu hafai kabisa. Aliyebebeshwa uzito mkubwa, akapumzike. Mtaani walimwita Profesa, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lake la Jumapili.

Ila tangu amwoe Noreen, farasi wake hakuwahi kushinda. Hata mara moja. Mmoja aligoma kwenye kiunzi cha kwanza, akabaki anakitafuna. Hata hivyo majirani hawakuacha kubisha hodi kila mwaka: "Profesa, safari hii nani?" Naye akawajibu kwa kirefu, kifua mbele.

Wiki ya mbio, Cyril alikuwa amelala kwenye kiti cha kinyozi, uso umefunikwa taulo la moto, alipomsikia jirani yake Wilf Rimmer akiongea na mtu pale mlangoni.

"Wilf, umeshabeti?"

"Nibeti vipi na Cyril hajataja wake? Namsubiri ataje, nimfute huyo, ndiyo nichague kwa waliobaki. Mtaa mzima tunafanya hivyo. Yule bwana hajawahi kutuangusha!"

Wakacheka hadi wakakohoa. Chini ya taulo, Cyril aliungua kuliko taulo lenyewe.

Alirudi nyumbani amevimba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa kifutio cha mtaa! Akaapa kuwa mwaka huu atawakomesha. Farasi wake wa kweli, Jemadari wa Kilkenny, aliyepita sheria zote, angembetia kimyakimya. Majirani angewatajia takataka. Kisha Jemadari akishinda, angeitoa tiketi mfukoni mbele yao wote, taratibu, na mara moja maishani angeonekana mtu anayejua.

"Profesa, nani?" Wilf akauliza jioni ile, majirani wengine wakiwa nyuma yake, Noreen akimimina chai.

"Pazia la Shangazi," Cyril akasema bila kupepesa macho.

Pazia la Shangazi alikuwa jike. Wa kijivu. Wa miaka saba. Wilf alimkodolea macho, akashukuru, akaondoka akijizuia kucheka. Noreen alimtazama mumewe kidogo, akaendelea na chai.

Jumamosi majirani walijazana sebuleni kwa Cyril, mbele ya televisheni, wakila mikate ya nyama aliyoiandaa Noreen. Mbio zikaanza. Jemadari wa Kilkenny alifika kiunzi cha kwanza, akaruka kwa madaha, akatua kwa pua.

"Mkeka umechanika, dau limekwenda!" akapiga kelele Wilf, ambaye naye, masikini, alikuwa amembetia Jemadari huyohuyo.

Cyril aliendelea kuangalia farasi wakianguka huku na huku, mpaka kwenye kiunzi cha mwisho kikabaki mbele kitu cha kijivu, kinakimbia kama mama aliyesahau chungu jikoni. Pazia la Shangazi akashinda.

Wilf akamrukia Cyril, akambusu kipara. "Profesa! Ulisema! Sote tulisikia! Toa tiketi basi tuione, mzee!"

Mkono wa Cyril ukaganda juu ya mfuko wenye tiketi ya Jemadari. Muda aliousubiri maisha yake yote ulikuwa umefika, naye alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Hii hapa," Noreen akasema, akaitoa tiketi ya Pazia la Shangazi kwenye mfuko wa aproni.

Ikapita mkono hadi mkono, wakaishangaa kama picha ya mtoto mchanga.

Wageni walipoondoka, Cyril alimfuata jikoni.

"Noreen, hiyo tiketi uliikata lini?"

"Jana. Kila mwaka huwa namwekea dau yule unayemtaja."

"Kila mwaka? Na huwa wanaanguka!"

"Huwa wanaanguka, ndiyo."

Cyril alikaa kwenye kigoda. "Mke wangu, huyu nilimtaja kwa uongo. Wangu alikuwa Jemadari."

"Najua," Noreen akasema, akikausha vikombe. "Sheria zako unazikariri hata usingizini. Jike wa kijivu wa miaka saba? Nilijua hiyo ni hasira."

"Sasa mbona ukamwekea?"

"Ulishamtaja mbele za watu, Cyril. Ningekuacha peke yako?"