Nyimbo Zangu Kwenye Filamu, na Jibu la Nyanzala

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jembe, na hilo lilinipatia maadui kabla jua halijapanda. Kikundi chetu kilikuwa kimekodiwa kulima shamba la pamba. Watu walijipanga mstari, Manju akanisimamisha mbele yao, niwatazame usoni, niimbe. Manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu alikuwa kama meneja. Akaniambia, "Kwandu, wakikumbuka kwamba mgongo unauma, kosa ni lako. Wakifika mwisho wa shamba wanashangaa limeishia wapi, umefaulu."

Shule niliishia darasa la nne. Nyimbo zangu zote nimezitunza kichwani na hakuna hata mmoja uliopotea, tofauti na nyinyi wajukuu mnaopoteza simu kila mara.

Baadaye Manju alinipandisha cheo, nikawa mtunzi wa mashindano. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Baada ya mavuno, vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, saa ileile, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji wa kuhongwa. Kwa hiyo unamtungia mtunzi wa upande wa pili wimbo wa kumchapa, unamtaja jina kabisa, na watu wanakuja mbio wasikie. Lakini Manju alikuwa mkali. "Ukimchapa mtu kwa wimbo, unakaa chini unangoja akuchape. Akimaliza mnakula pamoja. Usipongoja jibu hujashindana, umetukana tu."

Mpinzani wangu alikuwa Nyanzala. Nilimtungia hivi:

Nyanzala akifungua mdomo,
ng'ombe wanarudi zizini mchana,
wanadhani fisi ameingia.

Uwanja wote ulihamia kwetu. Nyanzala alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi ajibu, mvua ikamwagika, watu wakatawanyika. Kabla ya mavuno mengine akaolewa Sengerema, na mumewe hakutaka kusikia habari za ngoma. Nikahesabiwa mshindi. Nilihamia Igogo mjini na ushindi wangu huo, nikatunga nyimbo za harusi, za kwaya, hata wimbo wa duka la magodoro, lakini wa kujigamba nao ulibaki ule wa fisi.

Basi, nikiwa mzee tayari, akaja mwongozaji wa filamu, binti mrefu anayeongea haraka. Filamu yake ilihusu wakulima wa pamba, na alitaka nyimbo zote ziwe zangu, kila wimbo na mwimbaji wake. Akanipa cheo: Msimamizi wa Nyimbo. Nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka pale studio, hedfoni juu ya kilemba, nasahihisha watu waliosoma chuo. Kwaya moja ya Mabatini iliimba wimbo wangu wa palizi taratibu, kama wanazika. Nikawaambia kwa mwendo huo magugu yatawafunika wao.

Wimbo wa kumchapa Nyanzala alipewa msanii kutoka Dar, mwenye sauti laini. Akafumba macho, akashika kifua, akavuta "fisi ameingia" mpaka nikadhani ataanguka.

"Baba, unalia nini?" nikamuuliza.

"Nimeingia kwenye hisia, bibi. Huyu mwanamke alikuumiza sana."

"Mimi ndiye niliyemuumiza yeye."

Mwongozaji akacheka. "Na yeye alijibu nini?"

Kiti kikazunguka chenyewe kidogo.

Nikaona mambo yatakavyokuwa. Filamu itatembea nchi nzima, Nyanzala anachapwa kila ukumbi, na jibu hana. Kwa sheria ya kazi yangu hayo ni matusi. Lakini akijibu, ushindi wangu niliojigamba nao maisha yangu yote unarudi uwanjani, na unaweza kuniponyoka. Sikulala vizuri, nakiri.

Asubuhi nikamwambia mwongozaji Nyanzala atafutwe, ajibu ndani ya filamu.

"Bibi, bango limeshachapishwa. Nyimbo zote za mtunzi mmoja."

"Basi utoe huo wimbo."

"Huo ndio mtamu kuliko yote."

"Najua. Nimeutunga mimi."

Nikapanda kivuko kwenda Sengerema. Nyanzala nilimkuta barazani kwake anachambua choroko. Hakuinuka.

"Kwandu. Umechelewa."

"Nimekuja kuchapwa."

"Kaa."

Hakuuliza kuna nini. Akasukuma ungo pembeni, akaimba kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, bila kukosea neno:

Kwandu anatunga jikoni, ugali unaungua,
mumewe amekonda kama mpini wa jembe,
kila jioni analishwa kibwagizo.

Kibwagizo ni yale maneno waitikiaji wanayorudia. Hayashibishi. Na marehemu mume wangu kweli alikuwa mwembamba. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kumbe wimbo alikuwa nao tangu siku ile, akiuimba shambani peke yake.

"Mume wangu alidhani ni wa kanisani," akasema.

Tukala choroko pamoja. Mwongozaji aliposikia nilichorekodi kwenye simu hakubishana tena, akavuka na kamera yake kwenda kumrekodi mwenyewe. Bango likachapishwa upya: nyimbo za Kwandu, jibu la Nyanzala.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Msanii wa Dar aliimba wangu huku anatabasamu, kama nilivyomfundisha, watu wakacheka. Nyanzala alipotokea mwenyewe kwenye skrini na ungo wake, watu wakasimama. Filamu ilipoisha walimzunguka pale ukumbini alipokaa, wapige naye picha. Mimi nilibaki na fundi wa spika, naye alitaka tu nimpishe apitishe waya. Nikatazama watu walipo, nikajua nimefungwa. Nikatangaza palepale kwamba nimestaafu.

Wanaotaka kazi hii huniuliza utunzi unataka nini. Unataka ukitunga uweze kumwimbia uliyemtungia, anakutazama. Siku hizi mnarushiana maneno kwenye simu, halafu mnamfungia mwenzenu asijibu. Manju angewatimua uwanjani.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Nyanzala hakunisalimia.

"Nangoja," akasema.

"Nimestaafu, mwenzangu."

"Jibu kwanza, ndipo ustaafu." Akacheka mpaka akakohoa, akakata.

Nikamimina chai, nikakaa, nikauanza wimbo kwa meno yake ya bandia.