Mchanga Alioukataa Paka

Ninyi mliokulia Katonga pamoja nami, miaka ile tunavaa kaptula moja kutoka Krismasi hadi Krismasi, mtanisaidia kukumbuka kama kulikuwa na nyumba hata moja yenye paka wake. Mimi sikumbuki. Paka walikuwa wa mwalo mzima, ufuko wote wa mitumbwi. Walizaa ndani ya nyavu mbovu, walilala chini ya mitumbwi iliyoinuliwa kuzibwa matundu, na asubuhi wavuvi wakirudi na karabai zao zimezimwa, paka walikuwa wameshafika majini kabla ya akina mama wenye ndoo. Hakuna aliyewapa majina. Ungemwita paka kwa jina siku zile, mama yako angekushika paji la uso aone kama una malaria.

Baba yetu alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa kijana, akaoa pale pale mwaloni, wakatuzaa tisa. Chumba cha watoto kilikuwa kimoja. Ukigeuka mmoja, mnageuka wote. Tulikula sinia moja, ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese mpaka vidole vinabaki vyekundu hadi kesho yake, na aliyechelewa kunawa alikuta wenzake wanalamba sinia. Nasikia vijana wa leo kila mmoja ana sahani yake na chumba chake, na bado wanasema wana msongo wa mawazo. Sisi msongo wetu ulikuwa miguu ya kaka yako puani mwako.

Shule nilifika darasa la nne. La tano sikulipenda, nalo halikunibembeleza. Lakini kazi ya dagaa niliisoma hadi mwisho, na mwalimu wangu alikuwa Mama. Enzi hizo hakukuwa na vichanja vya waya vya kuanikia. Dagaa walimwagwa juu ya mchanga wenyewe, na jua la saa nne likishawapiga, uwanja wote unang'aa mpaka unafumba macho. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuzuia. Tulizuia kunguru, kuku, bata, mbuzi wa jirani. Tulicheza kombolela kati ya mitumbwi huku jicho moja liko uwanjani, na nyayo zilijaa magamba kama tumevaa viatu vya bati.

Paka hatukuwazuia. Hili nadhani wengi mmelisahau. Kabla ya kuanika, Mama alichota dagaa wabichi kiganja kimoja kimoja akaweka kwenye pembe zote nne za uwanja. Paka wakaja, wakala, wakajilaza hapo hapo. Tuliita haki ya paka. Wanawake wageni mwaloni walimcheka Mama kwamba anatupa chakula cha watu, naye akawajibu bila kuinua kichwa, "Mpe haki yake pale pembeni. Akishapafanya ni pa kulia, hawezi kupafanya choo." Na kweli, uwanja wa Mama haukuchafuliwa hata siku moja.

Ukaja kuchafuliwa kwa sababu yangu. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na njaa yangu ilikuwa haina likizo. Nikaanza kuzoa haki ya paka kwenye pembe zote, nakwenda kuichoma nyuma ya mawe, nakula peke yangu. Siku ya nne paka wakafanya haja katikati ya dagaa waliokuwa karibu kukauka. Na paka mnamjua, anachimba, anafukia, anasogea mbele anachimba tena. Mama alitupa nusu ya uwanja. Hakunichapa. Alinishika mkono akanizungusha pembe moja baada ya nyingine, zote tupu, akanitazama midomo iliyojaa masizi, akasema, "Kumbe paka wangu ni wewe." Ndugu zangu waliniita Nyau mpaka masika yaliyofuata.

Sasa huyo Nyau mwangalieni. Ana mitumbwi sita yenye injini, ana malori mawili, ana uwanja Katonga wenye vichanja ambavyo wataalamu wanakuja kuvipiga picha. Vijana wenye digrii wanakuja na kompyuta zao wananiuliza nawezaje. Nawaambia sina kompyuta, nina kichwa. Nyumba yangu ya mjini, Buzebazeba, ina vyumba saba, vigae mpaka jikoni, na ukuta ambao ukisimama nje huoni hata bati. Sikurithi hata msumari. Sisemi kwa kujivuna, nasema kwa sababu ni kweli.

Vyumba saba, na mtu ni mmoja. Watoto wako Dar na Dodoma. Mke wangu, Mama Salome, alifariki mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza. Aliniachia Tatu, paka wa kijivu aliyemwokota barazani akiwa na ukubwa wa panya, akamfundisha kwenda haja kwenye beseni la mchanga stoo. Mchanga aliuchota kwenye lundo lililobaki tulipojenga ukuta. Nilikuwa namcheka. Paka ana choo chake ndani ya nyumba, na mimi choo cha ndani nimekijua nikiwa baba wa watoto wawili.

Baada ya msiba watu walirudi kwenye shughuli zao, na ni haki yao. Nikifungua mlango jioni, kinachokuja kunipokea ni Tatu. Hafanyi makubwa. Anakuja hadi kwenye kiatu changu, anakaa, anatazama pembeni kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Lile lundo la mchanga likaisha mwaka huu. Nikasema, mimi nikose mchanga? Nikajaza kiroba pale uwanjani kwangu Katonga, mchanga laini wa ziwa, nikaupepeta kwa mikono yangu mwenyewe. Paka gani mjini hapa ana mchanga kama huo?

Kuanzia siku hiyo Tatu akaliacha beseni. Alilisogelea, akanusa, akakaa pembeni yake kama anayengoja kuletewa kitu, kisha akaenda kumaliza shida zake kwenye godoro la chumba cha wageni. Kesho yake ikawa kwenye viatu vyangu. Keshokutwa kwenye kochi, upande aliokuwa anakaa mke wangu. Nikanunua beseni kubwa zaidi. Nikalihamishia bafuni. Nikamfungia humo kutwa nzima, na nilipofungua alikuwa amejizuia, akanipita mbio hadi kwenye zulia. Bwana mifugo akampapasa tumbo akasema ni mzima kuliko mimi. Salome, binti yangu wa Dar, akanitumia video ya mzungu anayemwelekeza paka wake kwa adabu zaidi kuliko mnavyoongea na wakwe zenu. Nikajaribu na hilo. Tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye zulia.

"Baba, mgawe tu," Salome akaniambia kwenye simu. "Nyumba inanuka hivyo, utapokea mgeni gani?"

"Mgeni gani anakuja?" nikamuuliza.

Akasema ameitwa kwenye kikao.

Nikapanga Jumamosi nimpeleke Tatu ghalani Katonga, akahangaike na panya. Kabwe, mtunza ghala wangu, akakubali kumpokea. Nilijua paka aliyezoea kulala kwenye kitambaa cha kochi hatamaliza wiki na wale wa mwalo. Nilijua pia kwamba Jumamosi hiyo nikirudi nikafungua mlango, hakuna kitakachokuja kwenye kiatu changu. Nilipanga hivyo hivyo. Mwanaume haendeshwi na paka, niliwaambia watu, na niliowaambia ni Kabwe peke yake.

Ijumaa mchana nilikuwa uwanjani nakagua dagaa. Siku hizi wako juu ya waya, hakuna anayeweka haki ya paka, na vijana wangu hata neno hilo hawajalisikia. Nikaona paka wawili chini ya kichanja wanalamba mchanga. Maji ya dagaa wabichi yanadondokea pale kila siku, na wao wanachimbua ule mchanga uliolowa, wanaulamba, mmoja anautafuna kabisa. Nikasimama.

"Bosi, umeona nyoka?" Kabwe akauliza.

Sikuona nyoka. Nilikuwa namsikia Mama. Kiroba cha mchanga wa Tatu nilikijazia pale pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimemwekea sahani ya chakula, nikamwamuru aifanye choo.

Nilirudi nyumbani mbio, nikapiga magoti, nikanusa beseni. Hakuna kitu. Nikachota kiganjani nikausogeza hadi puani. Haukuwa na harufu yoyote, kama maji. Hapo nikasita. Ama nimekosea, ama pua yangu imekufa kwa dagaa wa miaka arobaini. Nikainuka nitafute wa kumuuliza, na nikajikuta nimesimama katikati ya nyumba ya vyumba saba na beseni mkononi, sina pua ya pili.

Jirani yangu ni Mama Anjela, nesi mstaafu, mtu wa Kasulu. Tangu msiba tulikuwa tunapungiana mikono kutoka getini, basi. Nikagonga geti lake.

"Karibu, Baba Salome. Umeniletea nini?"

"Mchanga. Naomba uninusie."

Akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu ananipiga video. "Ninuse mchanga."

"Nusa tu, mama."

Akainama, akarudi nyuma hatua mbili. "Huu ukiutia nyanya na kitunguu ni mboga. Kwani wewe husikii?"

"Sisikii."

"Kweli?"

"Kweli, Mama Anjela."

Aliacha utani. Alifuta mikono kwenye kanga yake taratibu, kama anatafuta pa kuanzia. "Ni hata shati, Baba Salome. Hata gari. Ukipita hapa wajukuu zangu wanasema dagaa wamepita. Sisi tulijua unajua. Marehemu alikuwa hakwambii?"

Alikuwa ananiambia. Miaka ishirini na minne, kila nikirudi, mlango wa nyuma: "Vua hilo shati, liache huko huko nje." Nami nilinung'unika kwamba mwenye mitumbwi yake anavuliwa nguo kama mtoto. Tangu aondoke nimekuwa napitia mlango wa mbele.

Mama Anjela alinipa ndoo ya mchanga wa mto Luiche uliobaki alipojenga kisima chake. Nililisugua beseni kwa majivu, nikalirudisha stoo mahali pake. Tatu akaja, akanusa, akachimba, akanipa mgongo. Nikatoka nikarudishia mlango, kwa heshima. Nikampigia Kabwe asimsubiri paka. Nikampigia Salome, akasema, "Hongera, Baba," kwa sauti tunayowapa watoto waliojifunza kufunga kamba za viatu, akarudi kwenye kikao.

Sasa niwaambie kitu, wenzangu. Katonga ile ya kwetu, mtu asingeweza kunuka miaka miwili bila kujua. Usingefika hata njiani. Dada yako angekwambia, watoto wa Ujiji wangekuimbia shuleni, mwalimu angekuhamishia dirishani, na mama wa mtu usiyemjua angekupigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja watu wote wakisikia, nenda kaoge wewe. Tuliona ni kuonewa. Tuliapa tukipata tutajenga kuta, tusisikie midomo ya watu. Mimi nilipata, nikajenga. Watu wa siku hizi wana adabu sana. Wanapandisha vioo vya gari, wanakupungia mkono, na wewe unapita umetabasamu, miaka inakwenda.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama Anjela anafagia mbele ya geti lake. Nikamwomba, kila siku nikitoka, awe ananiambia kama nanuka.

"Mtu mzima kama wewe? Nitaona aibu," akasema.

"Kwetu tuliambiwa bure."

Akaendelea kufagia. Kisha akaweka ufagio begani, akanisogelea, akavuta pumzi moja karibu na kola yangu. "Hilo hapana. Rudi kabadilishe."

Nikarudi. Kabwe alikuwa anapiga simu, mitumbwi imeshafika, wanunuzi wameshika ndoo. Nikaiacha simu iite. Nilikuwa nimefungua kabati, natoa shati moja baada ya lingine, nalikunjua, nalitazama, polepole, maana huko nje kulikuwa na mtu anayesubiri kuona nitatoka na lipi.