Chungu cha Maharagwe hadi Kinshasa

Mvumo ulitangulia. Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati ya mtaa wetu wa Mususa, na juu yake kitu kikanguruma kama lori linalopanda mlima bila kufika.

"Ni yeye," mama akasema, akabandika maharagwe.

Ndani ya ndege ile iliyoruka kutoka uwanja wa Beni alikuwemo kaka yangu mkubwa. Alikuwa akienda Kinshasa, ambako baba alilazwa, akingoja kupasuliwa. Baba alitaka mama naye aende. Mama, ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege, alitoa sharti: kaka akifika kabla maharagwe hayajaiva, naye ataenda. Yakiiva kwanza, haendi.

Sharti hilo lilitoka barabarani. Baba alikuwa dereva wa lori. Akitoka Beni alipiga simu, mama akaweka chungu motoni. Yakikaribia kuiva, tulisikia honi kwenye kona. Siku yalipoiva bila honi, mama hakuweza kukaa. Barabara ile ilitufundisha kwamba anayechelewa huenda asifike.

Nilimsomea tiketi: kuondoka saa nne, kufika saa sita.

"Masaa mbili mpaka Kinshasa?" akacheka. "Lakini papa yako, na mvua, masaa mbili angali kwenye matope! Weye wa vitabu, unanidanganya."

Saa sita ikafika, simu kimya. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Nilitazama mbingu kana kwamba ndege ingerudi kunieleza. Mama alifunua chungu, akafunika, akafunua. Kisha nikamwona akivuta ukuni nje ya moto. Baadaye akavuta mwingine.

Moto ulikuwa umebaki majivu simu ilipolia.

"Tumefika sasa hivi," kaka akasema.

"Sasa hivi? Mulikuwa wapi?" mama akafoka. "Ni saa ngapi huko?"

"Saa sita."

"Huku ni saa saba!"

Kaka akacheka. "Mama, saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu. Safari ni masaa tatu."

Mimi na mama tukatazamana. Sisi tuliopima njia kwa honi na chungu hatukuwahi kufikiri kwamba mchana wenyewe unaweza kuchelewa.

"Na papa yako?"

"Anakuulizia tu."

Mama akakata simu, akatoa punje moja, akaibana kwa vidole.

"Hayajaiva," akasema.

Tulipokula, yalikuwa laini kama uji.

Wiki ile ile pikipiki ya kumpeleka mama Beni ilisimama uani alfajiri, injini ikiwaka. Mama alijifunga kitenge kipya, akagusa ukuta, akarudi kuchukua rozari, akagusa ukuta tena.

"Weye, ukisikia ndege, weka maharagi."

"Ndiyo, mama."

"Na moto kidogo. Kidogo sana, unasikia?"

Akavuta mlango nyuma yake.